Intaneti ya Laini ya Simu Inasumbua? Anza na Soketi, Ruta Baadaye

Nyumba nyingi za zamani hapa Dodoma, kuanzia Area C na Area D mpaka Uzunguni, zilijengwa wakati simu ya mezani ndiyo iliyokuwa simu. Soketi moja sebuleni, nyingine chumbani kwa baba, na mara nyingine ya tatu ikavutwa mpaka banda la uani. Simu za mkononi zilipokuja, soketi hizo zikapakwa rangi juu kwa juu na kabati likasogezwa mbele yake. Kisha mwenye nyumba au mpangaji anaomba intaneti kupitia laini ile ile ya shaba, na soketi zilizosahaulika zinaanza kudai chao.

Ninayoeleza hapa ni ya ADSL, yaani intaneti inayopita kwenye nyaya mbili za simu ya mezani. Aliyevutiwa faiba mpaka ndani, au anayetumia ruta ya laini ya mkononi, anaweza kuona dalili zinazofanana lakini vyanzo vyake ni vingine. Vifaa ni vichache: bisibisi ndogo, waya mfupi wa simu unaouamini, filta moja mpya (kile kifaa kidogo kinachotenganisha sauti ya simu na intaneti), na mita ya fundi umeme kama unayo.

## Kipimo kinachotangulia vyote

Tafuta soketi ya kwanza. Toka nje, fuata kwa macho waya unaotoka kwenye nguzo mpaka unapogusa nyumba. Mara nyingi utaona kiboksi kidogo chini ya ukingo wa paa. Hapo waya wa kampuni ya simu unaishia na waya wa nyumba unaanza. Soketi inayopokea waya kutoka kwenye kiboksi hicho ndiyo ya kwanza, hata kama iko koridoni nyuma ya jokofu. Usidhani ni ya sebuleni eti kwa sababu ndiyo yenye simu.

Ukishaipata, chomoa kila kitu nyumba nzima: simu, faksi, filta zote. Bakiza ruta peke yake kwenye soketi ya kwanza, kwa ule waya mfupi. Halafu fungua kifuniko cha soketi hiyo na ulegeze nyaya mbili zinazoondoka kwenda soketi nyingine. Zikunje pembeni, shaba isiguse shaba. Kuchomoa simu peke yake hakutoshi, na hapa ndipo wengi hukwama: soketi tupu bado ina waya nyuma yake, na waya huo bado uko kwenye laini.

Tahadhari moja kabla hujashika bisibisi. Laini iliyotulia ina takribani volti 48, lakini simu inapoita hupanda hadi volti 75 au 90 za umeme wa kupishana. Zinatosha kukurusha mkono ukiwa juu ya ngazi. Na radi zikianza kupiga, hata kwa mbali, acha kazi.

Sasa washa ruta na uipe dakika tano. Intaneti ikitulia, kosa ni la nyaya za ndani, simu au filta, na imebaki kazi ya kulitafuta. Isipotulia, badilisha kimoja kimoja ukianza na cha bei ndogo: waya wa simu, adapta ya umeme, kisha ruta ya kuazima kwa jirani. Vyote vikishindwa, na soketi ya kwanza na kiboksi cha nje havina kosa, tatizo liko kwenye nguzo, kabati la mtaani au kituo cha simu. Watu huanza na kununua ruta mpya kwa sababu ndiyo yenye taa zinazoonekana. Kwa ninavyoona, ruta ni ya mwisho kushukiwa.

## Taa ya DSL haiwaki, au inapepesa bila kutulia

Angalia kwanza ruta imechomekwa tundu gani la filta. Sauti ya simu hutumia masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu. ADSL huanza juu zaidi, karibu na kilohezi 25, na kupanda hadi megahezi 1.1, ADSL2+ hufika megahezi 2.2. Kazi ya filta ni kuruhusu masafa ya chini yaende kwenye simu na kuzuia ya juu. Kwa hiyo ruta iliyochomekwa kwenye tundu lililoandikwa PHONE haitapata kitu, hata ungeiacha mpaka kesho. Hamishia tundu la MODEM au DSL. Kosa hili hutokea sana baada ya dada wa kazi kufuta vumbi, na hakuna wa kulaumiwa. Matundu yote mawili yanafanana.

Kama tundu ni sahihi, mulika ndani ya soketi kwa tochi. Plagi ya RJ11 hutumia nyaya mbili za katikati, na vijiti viwili vya katikati ndani ya soketi lazima ving'ae na visimame sawa. Upepo wa Julai na Agosti huingiza vumbi kila mahali hapa kwetu, na sisimizi hupenda soketi zisizotumika. Brashi ya mswaki wa zamani na spiriti kidogo vinatosha. Kijiti kilicholala au chenye kutu ya kijani hakifai kunyooshwa. Weka soketi mpya.

## Intaneti ipo ya kusuasua, simu haina mlio kabisa

Hii huwashangaza watu: inakuwaje intaneti ipite na simu imekufa? Jibu ni kwamba waya mmoja kati ya miwili umekatika. Simu inahitaji nyaya zote mbili ili mkondo uzunguke. Mawimbi ya ADSL, kwa kuwa yako juu sana, yanaweza kuruka pengo dogo na kuendelea kwa shida. Tafuta waya uliokatika kwenye skrubu za soketi ya kwanza na kwenye kiboksi cha nje. Ukikuta zote nzima, ni kazi ya kampuni.

## Simu ikiita, intaneti inakatika

Kuna simu isiyo na filta. Kila simu lazima ipite kwenye filta yake, ikiwemo ile iliyosahaulika banda la uani ambayo mpangaji huitumia kupokea tu. Ruta yenyewe haihitaji filta. Kama zote zina filta, chomoa simu moja moja huku mwenzako akikupigia. Simu ambayo ukiitoa tatizo linaisha, badilisha filta yake. Mikwaruzo au sauti ya shshsh sikioni wakati wa maongezi mara nyingi ina chanzo hicho hicho.

Kuna dalili iliyo kinyume chake, nayo ni ya maana zaidi: intaneti mbovu inapona pale unapoinua mkono wa simu. Ukiona hivyo, kuna jointi yenye kutu. Ukiinua mkono wa simu, mkondo unapita kwenye laini na kuilazimisha ile kutu ipitishe umeme kwa muda. Usiache mkono wa simu umelala mezani kama dawa; itafute jointi. Nimeshaitwa nyumba ambayo familia ilikuwa inaishi hivyo, simu haipatikani mchana kutwa ili watoto wasome mtandaoni. Jointi ilikuwa darini, nyaya mbili zimesokotwa kwa mkono na kufungwa tepu nyeusi. Joto la chini ya bati lilikuwa limeyeyusha gundi ya tepu, na shaba ilikuwa wazi.

## Sebuleni spidi nzuri, chumbani mbovu

Hili ndilo tatizo lenyewe la soketi za nyongeza, na inafaa kulielewa kabla ya kuligusa.

Fungua ukurasa wa ruta kwenye kivinjari, mara nyingi kwa kuandika 192.168.1.1, na utafute sehemu ya hali ya DSL. Andika namba tatu ukiwa soketi ya kwanza, kisha tatu zile zile ukiwa chumbani. Ya kwanza ni spidi ya kushuka. Ya pili imeandikwa SNR Margin: ni kiasi ambacho mawimbi yanazidi kelele. Laini nyingi hupangwa kulenga desibeli 6. Ikishuka chini ya hapo kukatika hakuko mbali, na 10 kwenda juu ni salama. Ya tatu, Attenuation, ni jinsi mawimbi yalivyochoka njiani. Kila kilomita ya waya wa milimita 0.5 huongeza takribani desibeli 14. Laini yenye 25 iko pazuri. Yenye 60 iko mbali na kituo, na hakuna soketi itakayoiokoa. Ni umbali wa waya unaohesabika hapo, na waya hupenda kuzunguka mitaa kuliko barabara.

Kama namba za chumbani ni mbaya kuliko za soketi ya kwanza, basi waya wa kati ya soketi hizo mbili una kosa. Makosa ya kawaida ni matatu.

La kwanza ni waya bapa. Waya mzuri wa simu umesokotwa jozi kwa jozi, na msokoto huo ndio unaofuta kelele zinazoingia kutoka nje. Waya bapa wa nyaya nne, ule mweupe unaobandikwa ukutani kwa misumari, hauna msokoto wowote. Kwa sauti ya simu hauna neno. Kwa ADSL unageuka antena.

La pili ni waya wa bandia. Madukani kuna kebo za bei ya chini ambazo si shaba tupu, ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu: ndani ikiwa nyeupe, umeuziwa alumini. Hukatika upesi kwenye skrubu na upinzani wake ni mkubwa. Mwenye mita anaweza kupima bila kukwangua: tenga waya pande zote mbili, unganisha ncha mbili za upande wa mbali, pima upande wa karibu. Waya wa shaba wa milimita 0.5 wenye urefu wa mita 20 utaonyesha kama omu 3.5 kwenda na kurudi, ukitoa upinzani wa nyaya za mita yenyewe. Ukipata omu 10 kuna jambo. Kisha tenganisha zile ncha na upime tena. Mita isionyeshe kitu. Ikionyesha namba yoyote, nyaya zinagusana mahali, pengine meno ya panya yamepita.

La tatu halionekani kwa macho wala kwa mita. Waya wa nyongeza usio na kitu mwishoni ni tawi. Mawimbi yanaingia kwenye tawi, yanafika mwisho, yanagonga na kurudi kama sauti bondeni, na yakirudi yanapingana na yale yanayokuja. Masafa yanayoumia hutegemea urefu wa tawi. Mawimbi husafiri ndani ya kebo kwa kasi ya takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo tawi la mita 50 huchimba shimo karibu na megahezi 1, na la mita 25 karibu na megahezi 2. Hebu pima kwa hatua kutoka sebuleni mpaka banda la uani. Kwenye viwanja vya zamani, ambavyo viligawiwa kwa ukarimu, ni urefu huo huo. Kwa hiyo soketi ambayo hakuna aliyeigusa miaka kumi inaweza kula spidi ya ruta iliyoko chumba kingine kabisa.

ADSL hugawa masafa yake katika vijia 256, na ADSL2+ katika 512, kila kimoja kikiwa na upana wa kilohezi 4.3. Tawi likiua baadhi ya vijia, ruta inavikwepa na kuendelea na vilivyobaki. Ndiyo maana laini haikatiki. Inakuwa nzito tu, na mwenye nyumba anaamini kwamba kampuni ndiyo inayompunja.

Sasa dawa. Angalia kwanza nyaya zimepangwaje. Kama zimepita soketi hadi soketi, rudisha nyaya za soketi ya kwanza mahali pake, nenda ya pili, legeza zinazotoka pale, pima, na uendelee hivyo hadi namba zitakapoharibika. Kipande cha mwisho ulichounganisha ndicho chenye kosa. Kama zote zinatoka kwenye kiboksi cha nje, kila moja njia yake, ziondoe zote hapo na uzirudishe moja moja.

Lakini ukiniuliza, nisingehangaika kutibu kila tawi. Weka splita moja, yaani filta ya laini nzima, kwenye soketi ya kwanza. Laini inayoingia iende kwenye LINE, ruta kwenye MODEM, na nyaya zote za soketi za nyongeza ziende kwenye PHONE. Kuanzia hapo nyongeza zote ziko nyuma ya filta. Mawimbi ya ADSL hayazioni tena, ziwe bapa, ziwe za alumini, ziwe na sisimizi. Filta ndogo za kila simu hazihitajiki tena. Kama lazima ruta ikae chumbani, vuta jozi moja ya kebo ya mtandao ya Cat5e ya shaba tupu kutoka MODEM hadi chumbani, isiunganishwe na kingine chochote, na uipitishe shibiri moja au zaidi kutoka kwenye nyaya za umeme. Bora zaidi, ruta ibaki pale pale na uvute kebo ya mtandao hadi chumbani. Hiyo huenda hadi mita 100 bila kupoteza spidi.

Neno kuhusu ushauri wa mtandaoni. Mwingi umeandikwa na Waingereza, nao watakuambia ukate waya wa kengele ulioko kwenye skrubu namba 3. Soketi za Uingereza za tangu 1981 zina waya huo wa tatu, na kuukata husaidia kweli. Fungua yako kwanza. Ukikuta nyaya mbili tu, ushauri huo haukuhusu, na ukikata mmoja utabaki bila simu.

## Mchana safi, usiku inakatika

Masafa ya ADSL yamekalia sehemu moja na redio za MW, ambazo ziko kati ya kilohezi 531 na 1,602. Usiku mawimbi ya MW husafiri mbali zaidi, na laini yenye nyaya mbovu ndani huyadaka. Namba ya SNR ikishuka desibeli moja au mbili usiku ni kawaida. Ikishuka tano, kuna antena ndani ya nyumba, yaani waya bapa ule ule.

Chanzo kingine ni vifaa vya umeme vinavyowashwa jioni. Chukua redio ndogo ya betri, weka MW mahali pasipo na stesheni, na utembee nayo karibu na waya wa simu. Itanguruma karibu na kitu kinachotoa kelele: taa ya LED ya bei chee, chaja, adapta ya king'amuzi. Zima kimoja kimoja usikilize.

Na kabla ya yote hayo, tazama taa za ruta wakati inakatika. Zikizima zote na kuwaka upya, hiyo ni shida ya umeme au adapta, laini haina kosa.

## Inaharibika mvua ikinyesha

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Miezi ya kiangazi vumbi hujikusanya kwenye jointi, halafu mvua ya kwanza hulilowesha na vumbi lililolowa hupitisha umeme. Dalili ni mikwaruzo kwenye simu na intaneti inayokatika mvua ikinyesha, kisha inapona jua likitoka.

Fungua kiboksi cha nje siku kavu. Kama kuna maji, matope au mchwa, safisha, kata ncha za zamani hadi shaba ing'ae, na uunge kwa viunganishi vyenye jeli ndani. Tepu nyeusi haifai. Acha waya ushuke kidogo chini ya kiboksi kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondoke pale chini. Kama kiboksi ni kikavu na soketi ya kwanza peke yake bado inakwaruza, maji yako kwenye kebo ya mtaani.

Msimu huo ukisikia radi, chomoa ruta kwenye umeme na kwenye laini pia. Wengi huchomoa umeme peke yake, na radi huja kwa waya wa nguzo.

## Taa zote sawa, kurasa hazifunguki

Taa ya DSL ikitulia, nyaya zako hazina deni. Taa ya Internet ikiwa nyekundu au imezima, angalia kama kifurushi kimelipiwa, kisha jina na nywila ya PPPoE, yaani vile kampuni ilivyokupa ili ruta iingie mtandaoni, hasa kama kuna aliyebonyeza kitufe cha kurudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Ikiwa nayo ni nzima, unganisha kompyuta kwa kebo. Kwa kebo ikienda vizuri, kuta nene za nyumba yako ndizo zinazozuia Wi-Fi.

## Ukilazimika kupiga simu kwa kampuni

Usiseme tu "fundi, intaneti haipo." Sema laini ina mlio au haina, taa ya DSL inafanya nini, na usome zile namba tatu ulizoandika ukiwa soketi ya kwanza, pamoja na saa ulizozichukua. Sema pia kwamba nyaya zote za ndani umezitenga. Bila hilo fundi atakuja kuchomoa simu zako moja moja. Ukilisema, atakuja na ngazi ya kupandia nguzo.